Darasa la pili, kishikwambi kimoja na ukurasa wa pamoja mtandaoni

Swali: Ninafundisha darasa la pili katika shule ya msingi ya serikali wilayani Lushoto, na mara kwa mara husaidia darasa la awali. Wanafunzi wangu ni 68. Nina kishikwambi nilichogawiwa baada ya Sensa ya 2022, simu yangu, na mtandao unaokuja na kuondoka. Katika mafunzo tulionyeshwa Padlet, ubao wa pamoja wa mtandaoni, na Google Docs, ukurasa wa kuandikia pamoja, tukaambiwa kwamba watoto wanaweza kuandika pamoja na wenzao wa shule nyingine. Je, jambo hili lina faida kwa watoto ambao bado wanajifunza kusoma, au ni la sekondari? Kama lina faida, nianzie wapi, na wazazi wanaoogopa picha za watoto wao kusambaa niwajibu nini?

Jibu: Mwalimu, nianze na swali lako la kwanza, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloamua mengine yote. Kuandika pamoja mtandaoni kuna faida kwa watoto wa darasa la pili, na hata kwa wale wa awali, ilimradi mtandao uwaletee msomaji ambaye hawakuwa naye. Mtoto anayejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu huandika karibu kila siku, lakini mara nyingi huandika kwa ajili ya mtu mmoja tu, naye ni mwalimu, ambaye tayari anajua kilichoandikwa kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyekiandika ubaoni. Sentensi “Mama anapika ugali” huwekewa alama ya vema kwa kalamu nyekundu, kisha daftari hufungwa. Hakuna aliyeuliza ugali huo ni wa nini, unaliwa na mboga gani, wala kwa nini leo ni ugali na si makande. Mtoto wa Pangani, kule pwani ya mkoa wenu wa Tanga, ambaye kwao chakula cha jioni huenda kikawa wali wa nazi na samaki, ana sababu ya kweli ya kuuliza. Mtoto wako atakapoliona swali hilo chini ya sentensi aliyoitunga, itambidi afanye kazi ambayo kitabu cha kiada hakiwezi kumfanyisha, yaani kufikiri ni kitu gani mwenzake hakijui, na kumweleza mpaka aelewe.

Hilo ndilo jambo ambalo zana hizi huwaongezea watoto wadogo. Mengine yanayosifiwa sana katika mafunzo, kama rangi, vikaragosi na michoro inayocheza, hupatikana kwa njia nyepesi zaidi, na kifaa kimoja kinachongojewa na watoto 68 hakifai kutumiwa kwa kazi ambayo chaki inaiweza.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko intaneti, na chimbuko lake lina mafunzo mengi kwa mwalimu aliye katika hali kama yako. Katika miaka ya 1920, mwalimu wa shule ya msingi aliyeitwa Célestin Freinet alikuwa akifundisha katika kijiji cha Bar-sur-Loup, kusini mwa Ufaransa. Alikuwa amerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa na jeraha la mapafu lililomfanya ashindwe kusema kwa muda mrefu mbele ya darasa. Alinunua mashine ndogo ya kuchapia, akaiweka darasani, akawaachia watoto watunge maandishi yao wenyewe kuhusu mambo waliyoyaona njiani, nyumbani na mashambani. Andiko lililochaguliwa na darasa liliandikwa ubaoni, likarekebishwa na wote, kisha watoto wakapanga herufi za chuma moja moja na kulichapa. Karatasi hizo zilipelekwa kwa posta hadi shule ya Trégunc, katika pwani ya Bretagne, upande mwingine kabisa wa nchi, na watoto wa huko wakatuma za kwao. Hivyo watoto wa milimani wakawa wanasoma habari za bahari zilizoandikwa na watoto wa rika lao.

Uangalie mpangilio wa kazi ile. Mazungumzo na uteuzi vilitangulia, marekebisho yalifanywa na darasa zima mbele ya ubao, na mashine ikaja mwisho. Darasa linaloanza na mashine huishia kuwa na watoto wanaogombea skrini na mwalimu anayetafuta mtandao, huku lugha yenyewe, ambayo ndiyo somo, ikisahaulika. Jambo la pili la kuliangalia ni kwamba kupanga herufi moja moja kulikuwa kazi ya polepole sana, lakini muda ule haukupotea, maana mtoto alikuwa akilitazama neno silabi kwa silabi akilijenga kwa vidole vyake. Mwanafunzi wako atakayechukua dakika nne kutafuta herufi za “tunavaa sweta” kwenye kishikwambi yumo katika somo la kusoma, kwa hiyo usimharakishe wala usimwandikie.

Sasa tuje kwenye darasa lako. Kiwango kilichowekwa kitaifa ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi na 25 kwa darasa la awali, nawe una 68, kwa hiyo mpango wowote unaodhani kila mtoto atashika kifaa kila siku haukutungwa kwa ajili yako. Kwanza mtafute mwalimu mwenzako mmoja, wa darasa lilelile, katika mahali panapotofautiana na penu. Mwalimu wa Pangani angefaa sana, kwa kuwa mko mkoa mmoja, mnaweza kukutana au kupigiana simu, na watoto wenu wanaishi maisha yasiyofanana. Mkubaliane kabla ya lolote kwamba mtaandikiana kwa muhula mzima kuhusu jambo moja, kwa mfano “Asubuhi ya kwetu”, na kwamba kila upande utajibu ndani ya juma moja. Makubaliano haya ni muhimu kuliko programu mtakayoichagua. Watoto wa miaka saba wakingoja jibu kwa majuma matatu, msomaji wao huwa ametoweka, na ninyi mtabaki na zoezi la kunakili lililohamia kwenye skrini.

Baada ya hapo ligawe darasa katika makundi 11 ya watoto sita au saba. Kila juma darasa lote linafanya kazi ile ile ya kuzungumza na kutunga, lakini kundi moja tu ndilo linaloshika kishikwambi, kwa hiyo kila kundi litapata zamu yake ndani ya muhula. Jumatatu unasoma kwa sauti kilichotoka Pangani. Tuseme juma lililopita watoto wako waliandika: “Asubuhi kuna baridi. Tunavaa sweta. Milima ina ukungu.” Nao wenzao wameuliza: “Ukungu ni nini? Unalowesha nguo?” Waache watoto wazungumze wawili wawili, na wale ambao Kisambaa kinawatangulia mdomoni wazungumze Kisambaa, kwa sababu hapo wanatafuta maana, na maneno ya Kiswahili yatafuata mkiwa pamoja. Utashangaa jinsi swali la ukungu lilivyo gumu na tamu: mmoja atasema ni moshi wa mlima, mwingine atakataa kwa kuwa hauna harufu, mwingine atasema ni wingu lililoshuka. Mabishano hayo ni ya kisayansi na ni ya kilugha pia, na yasingetokea kama mtoto wa pwani asingeuliza.

Jumanne au Jumatano unaandika sentensi zao kwenye bango kitita, yaani karatasi kubwa inayoonwa na darasa zima, neno kwa neno kama walivyosema, kisha mnazirekebisha pamoja. Hapa usiwe mwepesi wa kusahihisha peke yako. Uliza: “Mtoto wa Pangani akisoma hapa ataelewa?” Swali hilo moja litakufanyia kazi kubwa, kwa sababu litawafanya watoto waone wenyewe kwamba “kinashuka” haitoshi mpaka waseme ni kitu gani kinachoshuka. Alhamisi kundi la zamu linakaa na kishikwambi na kuandika kutoka kwenye bango kitita, wakati wengine wananakili kwenye madaftari au wanachora. Katika kundi, mmoja asome neno, mmoja aandike, mmoja aangalie kama limefanana na la kwenye bango, na kila sentensi ikiisha wabadilishane. Watakaobaki wanangoja wapewe kazi ya kuchora picha itakayopigwa na kuwekwa kando ya maandishi.

Kuhusu zana ipi, ushauri wangu ni Google Slides kwanza, zana yenye kurasa moja moja ziitwazo slaidi, ingawa ulionyeshwa Google Docs. Docs ni ukurasa mmoja mrefu, na watoto wadogo wakiandika kwa pamoja humo hufutiana kazi bila kukusudia. Mtoto aliyegusa mahali pasipo pake anaweza kuondoa aya nzima ya mwenzake, na hapo huzuka kilio ambacho hakina uhusiano wowote na somo. Katika Slides kila kundi linapewa slaidi yake, yenye jina la kundi juu, na swali la Pangani linawekwa kwenye slaidi hiyohiyo kwa rangi nyingine. Faili unaweza kulihifadhi kwenye kishikwambi likahaririwa bila mtandao, nalo litajisawazisha mtandao utakaporudi, jambo ambalo kwa milima ya Usambara ni la lazima. Pia zana hizi huhifadhi historia ya mabadiliko, hivyo kilichofutwa hurudishwa, na baadaye nitakueleza matumizi mengine ya historia hiyo.

Padlet ni nzuri kwa kazi ya siku moja: swali moja juu, majibu mengi chini, pamoja na picha na sauti. Ina mpangilio wa kumtaka mwalimu aidhinishe kila kinachowekwa kabla hakijaonekana, nao uuwashe siku ya kwanza. Akaunti ya bure hukupa mbao chache tu, na bila mtandao haikusaidii, kwa hiyo isiwe nguzo ya kazi ya muhula mzima. Na zana yoyote utakayoichagua, kila mwezi pakua nakala ya kazi za watoto, na ikiwezekana chapisha kurasa chache zibandikwe ukutani. Google Jamboard, ubao wa pamoja uliopendwa na walimu wengi, ulifungwa mwishoni mwa mwaka 2024, na walimu wakalazimika kuhamia zana nyingine.

Kuna mambo mawili ya kiufundi ambayo hayatajwi katika mafunzo lakini yatakusumbua siku ya kwanza. Kibodi ya kishikwambi mara nyingi imewekwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo “hubadilisha” maneno sahihi ya Kiswahili kuwa maneno ya ajabu. Mtoto aliyeandika vizuri anaona skrini ikimkosoa, naye huamini skrini. Ingia kwenye mipangilio, ongeza kibodi ya Kiswahili, na uzime marekebisho ya kujiendesha. La pili ni kuandika kwa sauti. Kibodi ya Gboard inaweza kusikiliza Kiswahili na kukiandika, na ni jambo la kusisimua kwa mtoto kuona maneno yake yakijitokeza. Litumie kwa kiasi, na mtoto akishasema, kundi zima lisome kilichotokea na kutafuta kilichokosewa, kwa kuwa sauti za watoto mara nyingi hazisikiwi sawasawa. Ukilitumia badala ya kuandika, utakuwa umeliondoa somo lenyewe.

Kwa upande wa kuhesabu, ninapendekeza kazi moja tu. Kila asubuhi kila darasa liandike hali ya hewa katika jedwali la pamoja la Google Sheets: jua, mawingu, ukungu au mvua. Inachukua dakika mbili, na mwezi ukiisha mna siku ishirini na kitu za kuhesabu kutoka sehemu mbili za mkoa mmoja. Watoto watachora nguzo za idadi kwenye daftari, watalinganisha siku nyingi na chache, watatoa, na watauliza kwa nini siku fulani mvua ilinyesha Lushoto na Pangani jua likawaka. Namba hizo ni zao, wamezikusanya wenyewe, na nusu yake isingepatikana bila wenzao wa mbali.

Hadithi nazo zina mahali pake. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini na kuzinduliwa mwaka 2014, una hadithi nyingi za picha katika lugha za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na leseni yake inaruhusu kuzitumia, kuzitafsiri na kuzirahisisha bila malipo. Tovuti yake inamwezesha mwalimu kutunga hadithi mpya kwa kutumia picha zilizopo. Darasa lako linaweza kutunga mwanzo, la Pangani likatunga mwisho, nanyi mkabaki na kitabu cha kusoma ambacho watoto wanakijua kila neno.

Darasa la awali linataka busara zaidi. Huko kifaa kibaki mkononi mwako, na mtoto asikae mbele ya skrini peke yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema watoto wa miaka miwili hadi minne wasikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na kwamba ikipungua ni bora zaidi. Watoto wako wa awali wengi wametimiza miaka mitano, lakini baadhi ndio kwanza wanaifikia. Kazi inayowafaa ni ya sauti na picha. Mtoto amefinyanga ng’ombe kwa udongo. Unapiga picha ya ng’ombe huyo, unarekodi sekunde ishirini za mtoto akimweleza, unaiweka kwenye ukurasa wa pamoja, na watoto wa darasa jingine wanasikiliza na kutuma swali kwa sauti. Mtoto asiyejua herufi hata moja anakuwa ameshiriki mazungumzo kamili na mtu asiyemwona, na kumweleza asiyekuona ni hatua kubwa kuelekea kuandika. Mara moja kwa juma inatosha.

Wazazi wana haki ya kuogopa, na ningependa uwajibu kwa vitendo, si kwa maneno ya kuwatuliza. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilieleza kwamba kati ya bidhaa 163 za teknolojia ya elimu zilizopendekezwa wakati wa janga la korona, asilimia 89 zilikuwa na uwezo wa kuwafuatilia watoto. Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti. Umri wa miaka 13 unaouona katika masharti ya huduma nyingi za mtandaoni unatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ya kulinda faragha ya watoto. Kwa hiyo wanafunzi wako wasifunguliwe akaunti hata mmoja. Akaunti ni yako na ya mwalimu mwenzako, faili lishirikishwe kwa anwani zenu mbili tu badala ya kiungo kilicho wazi kwa kila mtu, na makundi yajulikane kwa majina ya ndege au miti. Picha ziwe za kazi za mikono, michoro, milima na mashamba, zisiwe za nyuso wala za sare zenye jina la shule. Sauti za watoto wa awali zisitaje jina, na zifutwe mtandaoni muhula ukiisha. Mweleze Mwalimu Mkuu kwa maandishi, peleka jambo hili kwenye kamati ya shule, kisha katika mkutano wa wazazi fungua ukurasa wenyewe wauone. Mzazi aliyeona kwamba kilichopo ni mchoro wa kabichi na sentensi tatu za mwanawe atauliza maswali ya maana kuliko aliyepewa fomu ya kutia saini, ingawa ridhaa ya maandishi ni lazima uichukue pia. Atakayekataa, mwanawe ashiriki kazi zote za bango kitita na daftari, na asitengwe.

Suala la bando lizungumzwe mapema, kwa sababu si haki gharama hii ikae mfukoni mwako kimyakimya. Maandishi na jedwali hutumia data kidogo sana. Kinachokula bando ni picha, ambayo moja huweza kufika MB 3 au zaidi, na video, ambayo kwa kazi hii huna haja nayo kabisa. Punguza ukubwa wa picha kabla ya kuipandisha, pandisha mara moja tu kwa juma, na gharama itakuwa ndogo kiasi cha kuweza kuombwa katika bajeti ya shule. Vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) vya shule yenu ni mahali pazuri pa kufanyia majaribio na mwalimu mmoja au wawili kabla hujawahusisha watoto, ili siku ya kwanza darasani usiwe unatafuta vitufe mbele yao.

Mwisho wa muhula fungua ile historia ya mabadiliko niliyoitaja. Chukua sentensi za juma la kwanza na za juma la mwisho uziweke kando kwa kando. Usihesabu makosa ya tahajia pekee. Tazama kama sentensi zimerefuka, kama watoto wameanza kutumia “kwa sababu” na “lakini”, na kama wanaeleza jambo kabla hawajaulizwa, wakijua kwamba wa Pangani hawalijui. Tazama pia nani hajaandika, kwani katika makundi ya watoto sita kuna anayejificha. Ukiona kwamba maswali ya wenzao hayakubadilisha chochote katika uandishi wa watoto wako, zungumza na mwalimu wa Pangani mchague mada nyingine inayowahusu watoto zaidi, au muiache kazi hii kwa muhula mmoja na kurudi kwenye bango kitita na barua za karatasi.